Gitega na Muyinga: Mtoto aitwaye mvivu na haki yake ya maisha bora

Kila mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa nchini Burundi, wapo watoto wanaoingia kwa mara ya pili au ya tatu katika darasa lile lile. Wenzao wa rika wamekwisha panda. Wao wamebaki kwenye madawati ya nyuma, warefu kuliko wote, wakinakili ubaoni maneno wasiyoweza kuyasoma. Nyumbani huitwa wavivu, shuleni huitwa wakaidi, na mtaani hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba wamerogwa. Baadhi yao hawana uvivu wala ukaidi. Wana ulemavu wa kujifunza, au wana tatizo la umakini, na hakuna aliyewahi kuwachunguza.

Makala haya yanaeleza matatizo hayo ni yapi, yanavyogusa ubora wa maisha ya mtoto, na hali ilivyo Gitega na Muyinga, miji miwili yenye jamii za Waswahili ambazo watoto wao hubeba mzigo mwingine juu ya huo: kusoma kwa lugha isiyo ya nyumbani.

Ni matatizo gani haya?

Ulemavu wa kujifunza, kwa maana inayotumika hapa, ni ugumu wa kudumu wa kusoma, kuandika au kuhesabu unaompata mtoto ambaye akili yake kwa jumla ni nzima, anayeona na kusikia vizuri, na aliyepata nafasi ya kufundishwa kama wenzake. Ugumu wa kusoma huitwa disleksia, na ule wa hesabu huitwa diskalkulia. Chanzo chake kiko katika namna ubongo unavyopokea na kupanga sauti, herufi na tarakimu, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si adhabu kwa kosa la mzazi.

Tatizo la upungufu wa umakini na utukutu, ambalo kimataifa hufupishwa kwa herufi ADHD, lina sura tatu. Yupo mtoto asiyetulia: huinuka, hukatiza maneno ya wengine, hujibu kabla ya swali kwisha. Yupo aliyetulia kabisa, lakini mawazo yake hayapo darasani. Hupoteza kalamu, husahau alichotumwa dukani, huacha kazi katikati. Na yupo mwenye sura zote mbili. Yule mtulivu, ambaye mara nyingi ni msichana, ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa hamsumbui mtu.

Kwa mujibu wa mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, dalili za ADHD lazima ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu kwa miezi sita au zaidi, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Sharti hilo la mwisho ni muhimu. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, huku kwingine kote akiwa mtulivu, huenda tatizo lake si la ubongo bali ni la darasa hilo.

Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba watoto wapatao 5 kati ya 100 duniani wana ADHD, na kwamba watoto kati ya 5 na 15 kwa kila 100 wa umri wa kwenda shule wana aina moja au nyingine ya ulemavu wa kujifunza. Kwa hesabu hiyo, katika darasa la wanafunzi 60 mwalimu anaweza kuwa na watoto watatu wenye ADHD, na kati ya watatu na tisa wenye ulemavu wa kujifunza. Baadhi ni watoto wale wale, kwani matatizo haya mawili mara nyingi huandamana.

Maisha bora hupimwaje?

Kwa muda mrefu madaktari na walimu waliuliza swali moja tu: mtoto huyu anapata alama ngapi? Kuanzia miaka ya 1990 swali limepanuka. Shirika la Afya Duniani linaeleza ubora wa maisha kuwa ni namna mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake maishani, kulingana na utamaduni na maadili ya mahali anapoishi, na kwa kulinganisha na malengo, matarajio na mashaka yake.

Kwa watoto, moja ya vipimo vinavyotumika sana duniani ni kile kilichotungwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Varni. Kina maswali 23 yaliyogawanywa katika sehemu nne: mwili, hisia, uhusiano na wenzake, na shule. Majibu hugeuzwa kuwa alama kutoka 0 hadi 100. Jambo la maana ni kwamba mtoto wa miaka mitano na kuendelea huulizwa mwenyewe, na mzazi huulizwa kando.

Tafiti zilizotumia vipimo vya namna hii katika nchi mbalimbali zinaelekea upande mmoja. Watoto wenye ADHD na wenye ulemavu wa kujifunza hupata alama za chini kuliko wenzao, na pengo huwa kubwa zaidi katika hisia, urafiki na shule kuliko katika mwili. Mtoto mwenye matatizo mawili kwa pamoja huwa na hali ngumu zaidi. Aidha, wazazi huwa wanayaona maisha ya mtoto kuwa mabaya kuliko mtoto mwenyewe anavyoyaona. Tofauti hiyo isichukuliwe kuwa uongo wa upande wowote. Mzazi anaona karatasi ya alama na mashaka ya kesho. Mtoto anaona pia mpira, marafiki wachache alio nao, na siku ambayo hakuchapwa. Anayetaka kujua hali ya mtoto hana budi kuwasikiliza wote wawili.

Darasa la nne hadi la tano

Mwaka 2005 Serikali ya Burundi iliondoa ada katika shule za msingi. Watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia shuleni, na hilo ni jema lisilokanushika. Lakini madarasa yalijaa, na shule nyingi zikalazimika kufundisha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine alasiri. Katika hali hiyo mwalimu ana dakika chache mno za kumwinamia mtoto mmoja anayechanganya herufi.

Mfumo wa lugha nao una mlango wake mgumu. Katika miaka minne ya kwanza masomo hutolewa kwa Kirundi. Kuanzia darasa la tano Kifaransa ndicho huwa lugha ya kufundishia. Kirundi, kama Kiswahili, kwa kiasi kikubwa huandikwa jinsi kinavyotamkwa. Wataalamu wa usomaji wamebaini kwamba katika lugha za namna hiyo mtoto mwenye disleksia hafanyi makosa mengi. Anachokosa ni wepesi. Husoma silabi kwa silabi, hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Mwalimu humsikia akisoma sawasawa, akadhani mambo ni shwari.

Kisha kinakuja Kifaransa, chenye herufi zisizotamkwa na sauti moja yenye maandishi matatu au manne. Hapo kile kilichokuwa uzito kidogo hugeuka kuwa ukuta. Mtoto aliyepita madarasa manne kwa kujikongoja huanguka ghafla, na watu husema ameharibika kwa sababu ya marafiki wabaya. Kumbe tatizo lilikuwapo tangu darasa la kwanza. Lugha mpya imelifichua tu.

Mtego kwa watoto wa Waswahili

Jamii za Waswahili wa Burundi zilikua pamoja na miji na biashara. Gitega ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1912 kuwa makao ya utawala wao, na Waswahili waliokuja kama askari, makarani na wachuuzi walijenga mitaa yao humo. Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki, iko karibu na mpaka wa Kobero, ambako malori, bidhaa na maneno huingia kutoka Tanzania kila siku. Katika mgawanyo mpya wa nchi kwa mikoa mitano, Gitega imebaki kuwa jina la mkoa, na Muyinga imeingizwa katika mkoa wa Buhumuza.

Katika nyumba nyingi za mitaa hiyo mtoto huanza kuongea Kiswahili. Akifika shuleni hukutana na Kirundi cha vitabuni, baadaye Kifaransa, pamoja na Kiingereza na Kiswahili kama masomo. Wamo pia watoto wa familia zilizorejea kutoka makambi ya wakimbizi nchini Tanzania, waliobadilisha shule, lugha na walimu katika umri mdogo.

Hapa makosa mawili yanaweza kutokea, na yote mawili yanaumiza. La kwanza ni kumwita mtoto mlemavu wa kujifunza ilhali hajaielewa lugha tu. La pili ni kinyume chake: kusema "atazoea lugha" mwaka baada ya mwaka, huku mtoto akiwa na ulemavu halisi unaohitaji msaada.

Namna rahisi ya kutofautisha ni kumpima mtoto katika lugha aliyoinyonya. Asimulie hadithi kwa Kiswahili. Agawanye neno "kalamu" katika silabi zake. Aseme maneno matatu yanayoanza kwa sauti "ba". Ahesabu chenji ya sokoni. Mtoto ambaye tatizo lake ni lugha mpya atafanya vizuri katika haya. Mwenye disleksia atapata shida kuzikata na kuzipanga sauti hata katika Kiswahili cha nyumbani kwao.

Madrasa kama shahidi wa tatu

Familia nyingi za Kiislamu zina nafasi ambayo familia nyingine hazina: mtoto husoma mahali pawili. Ustadhi wa madrasa humwona mtoto kwa miaka mingi, katika kundi linalochanganya umri, na huona anavyojifunza kwa njia mbili tofauti, yaani kwa kusikia na kwa kusoma herufi.

Mtoto anayehifadhi sura kwa kusikiliza, tena kwa sauti safi, lakini akiwekewa msahafu anapotea mstari, anatoa ishara muhimu. Kumbukumbu yake ni njema. Kinachomshinda ni alama zilizoandikwa. Kinyume chake, mtoto anayezisoma herufi vizuri lakini hawezi kukaa kwa dakika kumi bila kuinuka, hali ikiwa hivyo hivyo nyumbani na shuleni, anaelekeza kwenye tatizo la umakini. Mzazi, mwalimu wa shule na ustadhi wakikutana mara moja kwa muhula na kulinganisha wanayoyaona, wanakuwa wamefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo daktari ataihitaji.

Kwa bahati mbaya, katika sehemu zote tatu jibu la haraka limekuwa fimbo. Fimbo haiongezi umakini wala haifundishi herufi. Humfanya mtoto aliyechelewa kusoma awe pia mtoto anayeogopa kusoma.

Yanayofanana nayo

Kabla ya kutoa jina lolote, mambo mengine lazima yachunguzwe, kwa kuwa mengi yanatibika. Mtoto asiyeona vizuri ubao, au mwenye sikio linalotoa usaha, ataonekana hana umakini. Ipo aina ya kifafa isiyo na mtikisiko: mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, fahamu zikampotea, kisha huendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu humwona anaota mchana.

Malaria nayo isisahaulike. Burundi ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo mwezi wa Machi 2017. Malaria inapopanda kichwani inaweza kuacha alama kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya namna hiyo alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili miaka miwili baadaye, hasa katika umakini. Kwa hiyo swali la "aliwahi kulazwa kwa homa akapoteza fahamu?" ni swali la shule pia.

Lishe duni ni jambo jingine. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa miaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba watoto 56 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa. Na mtoto aliyekuja shuleni bila kula chochote tangu jana hawezi kuhukumiwa kwa kukosa umakini saa nne asubuhi. Vilevile huzuni, kufiwa na hofu ya vita huweza kujivika sura ya utukutu.

Msaada uko wapi?

Tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure nchini. Lakini matatizo yanayozungumziwa hapa hujitokeza mtoto anapoanza kushika kalamu, yaani baada ya umri huo kupita. Familia hukuta mlango wa huduma ya bure umefungwa wakati ule ule inapouhitaji.

Wataalamu wa akili ya mtoto ni wachache. Kituo kinachojulikana zaidi ni kile cha magonjwa ya akili cha Kamenge, mjini Bujumbura, kinachoendeshwa na shirika la kitawa la Mabruda wa Upendo, ambacho kina tawi mjini Gitega. Bujumbura pia kuna kituo cha Akamuri kinachopokea watoto wenye ulemavu wa akili. Gitega ina kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo, ingawa kazi yake kuu ni ulemavu wa mwili. Mzazi wa Muyinga, aliye karibu kilomita 200 kutoka Bujumbura, hulazimika kupima nauli, siku za kazi zitakazopotea, na matumaini yasiyo na uhakika.

Muyinga yenyewe, hata hivyo, ina mfano wa kutazamwa. Mwaka 2012 ilikamilika hapo maktaba iliyojengwa kwa matofali ya udongo na wasanifu majengo kutoka Ubelgiji pamoja na shirika la wenyeji, ikiwa sehemu ya kwanza ya mpango wa shule jumuishi kwa ajili ya watoto viziwi. Wazo lake ni kwamba mahali pa mtoto mlemavu pawe mahali pa mji mzima, asifichwe uani.

Ngazi ya kwanza ya msaada, kwa wengi, ni wahudumu wa afya wa jamii, wanaoitwa abaremeshakiyago kwa Kirundi. Hawa wanazijua nyumba moja moja. Wanaweza kuuliza kuhusu masikio, macho, kifafa na malaria, na kumwelekeza mzazi kwenye kituo cha afya kabla hajauza mbuzi ili kumlipa mganga.

Kinachosaidia bila gharama kubwa

Zipo dawa zinazopunguza dalili za ADHD, lakini hutolewa na daktari bingwa kwa uangalizi wa karibu, na si rahisi kupatikana nje ya miji mikuu. Ulemavu wa kujifunza hauna dawa ya kumeza. Kwa hali hiyo sehemu kubwa ya msaada ni ya mikono na ulimi.

Darasani, mtoto aketi mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe kazi fupi fupi badala ya moja ndefu. Maagizo yatolewe moja baada ya jingine, na ayarudie kwa maneno yake. Mwenye disleksia afundishwe sauti na herufi taratibu, kwa kurudia, kwa kuchora mchangani na kutumia vidole. Aruhusiwe kujibu kwa mdomo pale kinachopimwa ni elimu yake ya maumbile au historia, si mwandiko wake. Asiyeweza kukaa atumwe kufuta ubao au kugawa madaftari. Mwili ukipata kazi, akili hutulia.

Nyumbani, ratiba isiyobadilika ina nguvu kuliko makaripio: saa ya kula, ya kazi, ya kusoma na ya kulala. Sifa itolewe papo hapo, kwa jambo lililo wazi: "Umemaliza mstari mzima bila kuinuka." Na mtoto apewe mahali anapong'aa. Wapo wasioweza kusoma ukurasa mmoja lakini hutengeneza baiskeli, hushona, huuza, hukimbia kuliko wote. Uwezo huo usichukuliwe kuwa sababu ya kumtoa shuleni. Ndio unaompa moyo wa kubaki.

Uzito wa nyumba umeonekana hata katika utafiti. Jaribio la msaada wa kisaikolojia shuleni, lililofanywa kaskazini-magharibi mwa Burundi kwa watoto 329 walioguswa na vita na kuchapishwa mwaka 2014, halikupata faida ya jumla kwa watoto wote. Dalili za nafuu zilionekana kwa baadhi yao, wakiwemo walioishi na wazazi wote wawili. Watoto hao hawakuchaguliwa kwa ADHD wala disleksia, lakini funzo linavuka mipaka: kazi ya shule peke yake haitoshi ikiwa nyumba haikushirikishwa.

Sheria inasemaje?

Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014. Mwezi wa Januari 2018 ilitungwa sheria ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu nchini. Mkataba huo wa pili unautaja ulemavu wa akili na wa kiakili sambamba na ule wa mwili na wa hisi, na unataka elimu jumuishi pamoja na marekebisho yanayofaa kwa kila mwanafunzi. Kumpa mtoto muda zaidi katika mtihani, kwa hiyo, si upendeleo. Ni sawa na kumwekea mwenzake wa kiti cha magurudumu njia ya kuingilia darasani.

Shida ni kwamba ulemavu huu hauonekani kwa macho. Asiye na mguu haambiwi akimbie. Asiyeweza kusoma huambiwa kila siku asome kwa bidii. Mzazi wa Gitega au Muyinga anayemwona mtoto wake amekwama ana hatua tatu anazoweza kuzianza wiki hii: macho na masikio yapimwe katika kituo cha afya, mkurugenzi wa shule na ustadhi waulizwe wanachokiona, na mtoto mwenyewe aulizwe, kwa lugha ya nyumbani na bila fimbo mkononi, ni kitu gani hasa kinachomshinda. Mara nyingi anakijua. Hajawahi kuulizwa.